Oili ya injini ibadilishwe lini? Jibu kwa mwenye gari linalotembea kidogo

Swali: Nimenunua gari dogo lililotumika, la petroli, injini ya lita 1.5. Limetembea kilomita 118,000 na historia ya sevisi zake siijui. Kazini kwangu ni kilomita nne tu kutoka nyumbani, kwa hiyo kwa mwezi sifikishi kilomita 400. Kitabu cha gari kinasema nibadilishe oili kila kilomita 10,000 au miezi 12, na kwamba niweke 5W-30. Fundi wangu anasema kila kilomita 3,000, tena niweke 20W-50 kwa kuwa injini imezeeka. Jirani yangu yeye haendi gereji mpaka oili iwe nyeusi tii. Nimsikilize nani? Na je, nitie dawa ya kusafisha injini kabla ya kumwaga oili iliyomo?

Jibu: Ndugu msomaji, badilisha oili pamoja na filta wiki hii hii, rudia mara moja baada ya kama miezi miwili, kisha kila baada ya miezi sita bila kungoja kilomita zitimie. Weka 5W-30 kama kitabu kinavyosema. Dawa ya kusafishia achana nayo. Hayo ni majibu ya gari lako. Gari la mtu mwingine, hata likiwa la aina ileile na umri uleule, laweza kuhitaji jibu jingine, kwa hiyo nivumilie nieleze sababu. Mwenye gari anayejua oili yake inachoshwa na nini hababaiki kila anapoingia gereji mpya.

Tuanze na kazi yenyewe. Kila mtu anajua kwamba oili inazuia vyuma visisagane, ila wachache wamefikiria inavyofanya hivyo. Injini ikizunguka mizunguko 3,000 kwa dakika, kila pistoni inapanda na kushuka mara 50 ndani ya sekunde moja, na nguvu ya kila mlipuko inashukia kwenye krankshafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Krankshafti hiyo hailalii beringi zake. Inaelea juu ya utando wa oili wenye unene wa maikroni chache tu, mwembamba kuliko unywele. Utando ukiwepo, chuma hakigusani na chuma. Ukikatika, hata kwa muda mfupi wakati injini imebeba mzigo, beringi inaanza kukwaruzika, na mkwaruzo ukishaingia hakuna oili itakayoufuta.

Hapo ni kazi moja tu. Oili pia inabeba joto kutoka chini ya pistoni, mahali ambapo maji ya radieta hayafiki. Inaziba mwanya kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda ili mgandamizo usivuje. Inaosha masizi na kuyashikilia yasigande kwenye kuta. Inapoza ukali wa asidi zinazozaliwa petroli inapoungua. Na katika injini za miaka ya karibuni imepewa kazi ambayo injini za zamani hazikuwa nayo: kusukuma vifaa. Mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka na kifaa kinachokaza cheni ya taimingi (inayozungusha shafti ya valvu) vinaendeshwa kwa presha ya oili inayopita kwenye vitundu vyembamba. Kwenye baadhi ya injini, kabla ya valvu inayoongoza mfumo huo pana kichujio cha wavu kinachotosha kukalia ncha ya kidole. Kikizibwa na tope, taa ya injini inawaka, gari linakosa nguvu, cheni inagonga asubuhi, na mwenye gari anaweza kubadilishiwa sensa moja baada ya nyingine kabla hajatokea mtu wa kufungua valvu hiyo na kutazama wavu.

Ili iweze kazi zote hizo, oili iliyomo chupani ni mchanganyiko. Sehemu kubwa ni oili ya msingi, na iliyobaki ni kemikali zilizoongezwa: za kusafisha, za kuzuia asidi, za kukinga vyuma visilike, za kuzuia povu, za kuifanya isiwe nyepesi mno ikipata moto. Oili ya msingi huchakaa polepole. Kinachotangulia kuisha ni hizo kemikali, kwa sababu nyingi zake hufanya kazi kwa kujitoa: ile inayopambana na asidi, ikishapambana nayo imetumika. Kwa hiyo oili inaweza kuwa imejaa hadi alama ya juu, ina rangi nzuri, inateleza vidoleni, na bado ikawa imeishiwa.

Inaishiwa kwa njia mbili zinazopingana, na watu wengi wanaijua moja tu.

Njia inayojulikana ni joto. Oili ikiwa ya moto sana huungana na oksijeni, ikazidi kuwa nzito na kuacha utando wa kahawia juu ya vyuma. Kwa makadirio ya kawaida ya kikemia, kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi kasi ya jambo hilo huongezeka karibu maradufu. Ndiyo maana gari linalovuta tela, linalopanda milima likiwa na mzigo, au lenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), huichosha oili mapema. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya oili hiyohiyo ya injini, jirani kabisa na moshi wa moto mkali. Kama una gari la turbo, heshimu tarehe za kubadilisha oili kuliko mtu mwingine yeyote.

Njia ya pili ni ubaridi, na hiyo ndiyo inayokuhusu wewe.

Petroli ikiungua hutoa maji. Kila lita moja ya petroli huzaa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Mengi hutoka kwenye ekzosti, lakini kila mlipuko unapotokea kiasi kidogo cha gesi hujipenyeza pembeni mwa ringi na kushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Injini ikiwa ya moto, mvuke huo hauna pa kukaa. Unavutwa na kurudishwa kwenye silinda ukaungue. Injini ikiwa baridi, unagusa chuma baridi na kugeuka matone, na matone yanaingia kwenye oili.

Pamoja na maji inashuka petroli yenyewe. Injini inapoamka asubuhi, kompyuta yake huipulizia petroli ya ziada kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri ndani ya silinda baridi. Sehemu ya hiyo ziada hubaki majimaji kwenye kuta za silinda, ringi zinaikwangua, na safari yake inaishia kwenye sampu. Petroli inaifanya oili kuwa nyepesi, yaani inapunguza mnato ule uliokuwa unaibeba krankshafti.

Sasa tazama safari yako ya kilomita nne. Mshale wa joto kwenye dashibodi pengine unafika katikati kabla hujafika kazini, nawe unaona injini imepata moto. Mshale huo unapima maji. Oili huchelewa nyuma ya maji, na katika hali ya kawaida huhitaji robo saa au zaidi ya mwendo wa mfululizo ndipo ifike kwenye nyuzi 90 au 100 zinazoweza kufukuza maji na petroli. Wewe unazima injini kabla ya hapo. Jioni unarudia, kesho unarudia. Maji na petroli vinaingia kila siku na siku ya kutoka haifiki. Maji hayo yakichanganyika na mabaki ya mlipuko yanafanya asidi, asidi inakula kemikali za kinga, na mwisho wake ni tope.

Unaweza kuona dalili mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, fungua kifuniko cha kujazia oili na ukigeuze. Ukikuta utando mweupe wa manjano, laini kama krimu, huo ni mchanganyiko wa maji na oili. Usishtuke kwanza: kwenye gari la safari fupi mara nyingi ni mvuke ulioganda kwenye kifuniko tu. Ufute, kisha endesha gari nusu saa mfululizo kwa mwendo wa kawaida wa barabara kuu. Utando usiporudi, ulikuwa mvuke. Lakini ukirudi upesi, au oili kwenye kijiti cha kupimia nayo imekuwa kama chai ya maziwa, au maji ya radieta yanapungua bila kuvuja nje, usiliendeshe tena mpaka fundi aipime gasketi ya silinda hedi, inayotenganisha maji na oili. Hapo kubadilisha oili hakusaidii kitu. Ukiwa umefungua kifuniko, mulika tochi ndani uitazame kamshafti (shafti inayofungua valvu) na vyuma vilivyoizunguka. Rangi ya dhahabu au kahawia iliyopauka ni umri tu. Ukiona tabaka jeusi nene linalokwanguka kwa bisibisi, basi mwenye gari aliyekutangulia aliruka sevisi, na hilo nitalirudia kwenye swali lako la mwisho.

Ukifungua kitabu cha gari lako ukasoma kurasa za ratiba ya sevisi hadi mwisho, si jedwali la kwanza peke yake, kuna uwezekano mkubwa utakuta sehemu inayozungumzia matumizi magumu. Vitabu vingi vinayo. Huko hutajwa safari fupi za mara kwa mara, foleni na kukaa muda mrefu injini ikiwaka, vumbi, kuvuta mizigo, joto kali. Na muda wa kubadilisha oili hukatwa, mara nyingi hadi nusu. Zile kilomita 10,000 au miezi 12 ni za gari linaloishi maisha mepesi, na maisha mepesi kwa injini ni safari ndefu za mwendo mmoja. Neno linaloponza watu wengi ni "au": linamaanisha kinachotangulia kati ya viwili. Kwa kilomita 400 kwa mwezi unafikisha 4,800 kwa mwaka mzima. Ukingoja 10,000 utakuwa unaendesha na oili ya miaka miwili iliyojaa maji na petroli, ukiamini umefuata kitabu.

Kwa hiyo miezi sita. Ukipenda kuipunguzia oili yako taabu, mara moja kwa wiki litoe gari kwa nusu saa ya mwendo usiokatika. Kuliwasha na kuliacha lingurume mahali lilipo hakufanyi kazi hiyo. Injini isiyo na mzigo hupata moto polepole, na wakati wote huo inapuliziwa ile petroli ya ziada.

Na fundi wako? Nampa haki yake. Katika miezi sita utakuwa umetembea kama kilomita 2,400, hivyo ushauri wake wa 3,000 hautakuumiza. Ila kama hiyo 3,000 anampa kila mteja, anawaingiza wengine hasara. Mtu anayesafiri kilomita 150 kila siku kwenye barabara ya lami, kwa oili nzuri ya sinthetiki (iliyoundwa kiwandani kwa kemia), ataimaliza 3,000 kabla mwezi haujaisha na atamwaga oili ambayo bado ina nguvu zake. Huyo afuate 10,000 ya kitabu bila wasiwasi. Wapo watengenezaji wanaoruhusu 15,000, na wengine hata zaidi kwa oili maalumu waliyoitaja wao. Desturi ya kubadilisha mapema ilitokana na enzi za kabureta na oili za madini (zilizosafishwa tu kutoka mafuta ghafi) zisizo na kemikali nyingi. Kule Marekani, kwa mfano, kanuni maarufu ilikuwa maili 3,000, ambazo ni kilomita 4,800. Ukisikia tarakimu, uliza kwanza ni ya kipimo gani na ya injini ya wakati gani.

Magari mengine huwasha ujumbe kwenye dashibodi kwamba muda wa oili umefika. Kwenye mengi ya hayo kompyuta haionji oili. Inapiga hesabu kutokana na joto, mizunguko ya injini na idadi ya mara ilizowashwa. Mengine huhesabu kilomita tu. Ni msaada mzuri, mradi fundi akumbuke kuirudisha mwanzo kila oili inapobadilishwa.

Nije kwa jirani yako na rangi yake. Oili nzuri lazima iwe nyeusi baada ya muda, kwa sababu kazi yake mojawapo ni kuokota masizi na kuyashikilia yakiwa yametawanyika. Ni sawa na maji ya kufulia shuka chafu: yakibaki meupe, uchafu bado uko kwenye shuka. Kwenye injini ya dizeli oili mpya inaweza kuwa nyeusi siku chache tu baada ya kuwekwa, na ikaendelea kufanya kazi vizuri kwa maelfu ya kilomita. Kwa upande mwingine, maji, petroli na asidi haviipi oili rangi nyeusi. Oili ya gari kama lako inaweza kuchoka kabisa ikiwa bado ya kahawia ya kupendeza, na jirani akaitazama akasema bado.

Ukitaka kujua kidogo zaidi ya rangi, dondosha tone moja kutoka kwenye kijiti, injini ikiwa ya moto, juu ya karatasi nyeupe inayonyonya, uiache siku nzima ikiwa imelala bapa. Oili yenye afya itatawanya masizi yake taratibu kutoka katikati hadi pembeni. Iliyochoka huacha kiini cheusi kilichojikusanya katikati chenye mpaka mkali, na nje yake duara la oili tupu: maana yake kemikali za kushikilia masizi zimekwisha. Hicho ni kipimo cha kukadiria tu, nacho kinafaa zaidi kwa dizeli. Usikitumie kujiongezea miezi.

Sasa 20W-50, ambayo ndiyo sehemu ya ushauri wa fundi inayonitia wasiwasi. Tarakimu hizo ni daraja za mnato. Ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza oili inavyomiminika ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili inawahi kufika juu ya injini asubuhi. Ya pili inaeleza uzito wake ikiwa kwenye nyuzi 100, joto la kazi. Kwenye joto hilo oili ya 30 huwa kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo cha sentistoki. Ya 50 huanzia 16.3 na kuelekea 22. Si tofauti ndogo. Nafasi kati ya beringi na krankshafti ya injini yako, vile vitundu vya mfumo wa valvu, pampu yenyewe, vyote vilichongwa kwa kuhesabia oili nyepesi. Oili nzito huchelewa kufika kwenye kamshafti asubuhi, nawe unaliwasha gari likiwa baridi mara mbili kila siku. Pia injini inatumia nguvu kuisukuma, na nguvu hiyo unailipia kwenye petroli.

Kwa nini basi mafundi wengi wanaipenda? Kwa sababu injini iliyolika hupunguza kelele ikitiwa oili nzito, na inayokula oili huila polepole kidogo. Hapo inachofanya ni kuficha ugonjwa. Kilomita 118,000 si uzee kwa injini iliyotunzwa. Kama yako haitoi moshi wa buluu, haigongi, na oili haipungui, haina sababu yoyote ya kuacha daraja lake. Vitabu vingine vina jedwali linaloruhusu kupanda hatua moja, mathalani 5W-40, mahali penye joto kali. Kitabu chako kikiruhusu, hiyo ni sawa. Kuruka hadi 20W-50 ni jambo jingine.

Zaidi ya mnato, tazama herufi za kiwango cha API (taasisi ya petroli ya Marekani) kwenye chupa. Zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Kwa petroli, herufi ya pili ikiwa mbele zaidi katika alfabeti, kiwango ni kipya zaidi: SN ilikuja 2010, SP ikaja 2020 ikiwa na kinga bora ya cheni ya taimingi na ya injini ndogo za turbo. Kiwango kipya kinafaa pale kitabu kinapotaka cha zamani, lakini kurudi nyuma hapana. Mwenye dizeli yenye chujio la masizi kwenye ekzosti atafute oili yenye majivu kidogo iliyotajwa kwenye kitabu chake, la sivyo chujio hilo litaziba kabla ya wakati.

Sinthetiki au ya madini? Sinthetiki inavumilia joto zaidi na inamiminika vizuri zaidi asubuhi, kwa hiyo kama mfuko unaruhusu ichukue. Lakini haifukuzi maji wala petroli, na haikupi ruhusa ya kuvuka miezi sita kwa safari zako. Wanaosema kwamba ukihamia sinthetiki injini itaanza kuvuja wanasahau kuwa sili (mpira wa kuzibia) iliyokwisha ilikuwa imekwisha tangu zamani. Unaweza kuhama na kurudi, na unaweza kuongezea ya kampuni nyingine yenye daraja na kiwango kilekile ukipungukiwa. Kitu cha kukwepa ni oili ya kupima kutoka kwenye pipa usilolijua, na chupa ambayo muhuri wake umeguswa.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko yote haya: kiwango. Mafundi wanaona injini nyingi zilizonoki, yaani zilizokufa, ambazo oili yake haikuwa chafu, ilikuwa imeisha. Watengenezaji wengine huhesabu hata lita 1 iliyoliwa kwa kilomita 1,000 kuwa bado ndani ya mipaka. Chukua hesabu ndogo: injini yenye lita 3.5 ikila nusu ya hapo, yaani lita 1 kila kilomita 2,000, ikifika 5,000 imebakiwa na lita 1. Mwenye gari anajua bado ana kilomita 5,000 kabla ya sevisi, na pampu imeshaanza kuvuta hewa kwenye kona.

Kwa hiyo pima kila wiki mbili, na katika miezi ya kwanza ya gari usilolijua pima kila wiki. Liegeshe mahali tambarare, zima, ngoja kama dakika kumi oili ishuke. Vuta kijiti, kifute, kirudishe hadi mwisho, kivute tena usome. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwenye magari mengi madogo, ni karibu lita moja. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo ukipima tena. Usijaze kupita alama ya juu: krankshafti ikianza kuipiga oili inaitia povu, na povu halibebi beringi. Kwenye gari la safari fupi angalia pia kisichopungua. Oili inayobaki palepale miezi mitatu, au inayopanda, huenda inajaziwa na petroli. Siku utakayosafiri mbali petroli itapata moto itoke, na kiwango kitashuka ghafla ukiwa njiani. Pima kabla ya safari na upime tena baada yake. Ikiwa imepanda waziwazi na inanuka petroli, ibadilishe bila kungoja chochote.

Ile taa nyekundu yenye picha ya birika la oili haihusiani na ratiba ya sevisi. Kwenye magari mengi inasema presha imeanguka. Ikiwaka ukiwa barabarani, toka pembeni salama na uzime injini papo hapo. Kufika kituo kilicho mbele kidogo kunatosha kuua beringi.

Siku ya kubadilisha, injini iwe na uvuguvugu ili oili itoke na uchafu wake, na iachwe idondoke mpaka iwe matone. Filta ibadilishwe kila mara. Ndani ya filta nyingi mna valvu inayofunguka karatasi ikiziba, ili injini isikose oili. Ikifunguka, oili inazunguka bila kuchujwa na hakuna taa itakayokwambia. Msimamie fundi ahakikishe gasketi ya filta kuukuu haikubaki imeganda kwenye bloku, kwani mbili zikipandana oili yote inaweza kumwagika ndani ya dakika chache. Filta mpya ipakwe oili kwenye gasketi yake na ikazwe kwa mkono kama ilivyoandikwa juu yake. Pete ya kuzibia (washa) ya bolti ya kumwagia nayo iwe mpya. Avae glavu, maana oili iliyotumika ina kemikali zinazodhuru ngozi ikizoeleka, na aikusanye kwenye chombo ipelekwe kwa wanaoichakata. Isimwagwe ardhini wala mtaroni.

Tazama oili inavyotoka. Vumbi jembamba la kijivu kwenye sumaku ya bolti, kama ipo, ni la kawaida. Vipande vinavyometa unavyoweza kuvihesabu kwa macho ni vya beringi au cheni, na hapo ni bora injini ifunguliwe kabla haijafunguka yenyewe.

Nimalizie na ile dawa. Dawa za kusafisha injini hutiwa kwenye oili iliyochoka, injini ikazungushwa dakika kadhaa, kisha vyote vikamwagwa. Injini iliyo safi haizihitaji. Iliyojaa tope ndiyo inayoweza kudhurika: vipande vinabanduka kwa pamoja na kushuka kwenye wavu wa pampu ulioko ndani ya sampu, wavu unaziba, na injini inabaki bila presha. Kwa kuwa hujui aliyekutangulia aliishije na gari hili, safisha polepole kwa oili yenyewe. Badilisha sasa, endesha kama kilomita 1,000 au miezi miwili, badilisha tena pamoja na filta, kisha ndipo uingie kwenye ratiba ya miezi sita. Kemikali za kusafisha zilizomo kwenye oili nzuri zitayeyusha tope kidogo kidogo na filta italipokea. Kama tochi ilikuonyesha tabaka nene jeusi pale chini ya kifuniko, mwambie fundi ashushe sampu aoshe wavu wa pampu kwa mkono kabla ya oili mpya kuingia.